Samaki weusi wa Mama: jinsi moshi wa mataruma ya reli ulivyoingia kwenye uji wa mtoto wetu Kolwezi

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kazini na mnaosoma huku mmejilaza.

Habari hii ni ndefu kidogo. Ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa jirani. Majina ya watu nimeyabadilisha, mengine yote yalitokea kama nitakavyoyaandika. Atakayesema natunga, aje Kolwezi, huku Kongo, nimpikie kambale na bukari (ugali wetu huo), akishiba ndipo tubishane.

Naanza na waliyoyasema watu, maana bila hayo mtauliza kwa nini najisifu. Ndiyo, najisifu. Nina haki.

Walisema sitamaliza shule. Nilimaliza.

Walisema nikivuka kwenda Tanzania nitaozea huko, nitasahau hata njia ya kurudi. Nilibeba magunia sokoni asubuhi, mchana nikaingia darasani, nikajisomesha bila mjomba wala padri wa kunishika mkono. Nikapata diploma ya usindikaji wa chakula. Nikarudi nayo Kolwezi nikiwa nimeifunga ndani ya plastiki kama mtoto siku ya mvua.

Waliponiona nimerudi, wakasema jambo ambalo liliniuma kuliko yote. Walisema sitaweza kuuza hata samaki mmoja pale soko la Manika.

Kinara wao alikuwa Tata Ramazani, jirani yetu, mzee mwenye pick-up moja na mdomo mkubwa kuliko pick-up yenyewe. Familia yake ilitoka mashariki zamani, wafanyabiashara na wasafirishaji. Alisimama mlangoni kwetu, akaikagua diploma yangu juu chini, akaniuliza:

"Déo, ile miaka yote ulikuwa unajifunza kukausha samaki? Si mama yako angekufundisha bure, hapa hapa mu parcelle, uani kwenu?"

Watu wote uani walicheka. Mama naye alicheka, akajifuta machozi na ncha ya kitenge.

Tuendelee.

Mji niliourudia haukuwa ule niliouacha.

Nilipoondoka, king'ora cha kampuni ya mgodi kilikuwa bado kinatuamsha asubuhi, na mfanyakazi alikuwa anapata mshahara na gunia la unga. Niliporudi, mgodi ulikuwa umeanguka. Karakana zimejaa nyasi. Watu waliokuwa na saa ya mkononi na kalamu mfukoni walikuwa wanauza sukari kwa kijiko kando ya barabara.

Na nusu ya mtaa wetu haikuwepo.

Wale mnaoijua historia ya Katanga mnajua ninachozungumzia. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi wao walizaliwa Kolwezi, Kasai hawajawahi kuiona hata kwa picha. Waliambiwa warudi kwao, wakaenda kusubiri treni kwenye gare, kituo cha reli. Treni haikuja siku ile wala iliyofuata. Wakalala pale kando ya reli, wiki kwa wiki, na watoto na masufuria na vitanda vyao. Wengine hawakufika popote.

Mimi sikuwepo. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaopenda kusimulia wasiyoyaona. Mama yangu ndiye alikuwepo.

Mama alikuwa na rafiki, Mama Ngalula. Sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga, yeye ni wa Kasai. Walikausha samaki pamoja tangu mimi nikiwa mdogo: kambale kutoka ziwa Nzilo, wanawapanga juu ya wavu wa chuma, moshi usiku na mchana, kisha sokoni. Mume wa Mama Ngalula ndiye alileta kuni kutoka porini kwa baiskeli, kuni ngumu, kavu, zilizopasuliwa sawasawa.

Siku treni ya Mama Ngalula ilipokuja hatimaye, alimwambia mama yangu neno moja tu kupitia dirisha: "Usizime moto."

Ndipo tanuru lao likabaki kwa Mama peke yake. Na Mama hakuzima moto.

Kisha dada yangu Odile akazaa mtoto wa kike. Mama akampa jina Ngalula. Wakati ule, wakuu, kumpa mtoto jina la Kasai pale mtaani haikuwa jambo dogo. Kuna watu waliacha kutusalimu. Mama alisema mtoto ni wake na jina ni la rafiki yake, asiyetaka asimwite. Sisi tukawa tunamwita Kangalula, yaani Ngalula mdogo.

Sasa shikeni hapo, ndipo habari inapoanza.

Wiki ya kwanza ya kurudi kwangu nilikuwa nimekaa uani nikimwangalia Mama akichochea moto. Nikaona kuni zake ni za ajabu. Zimekatwa pembe nne, nyeusi, zina matundu ya parafujo kubwa.

Nikamwuliza, "Mama, hizi kuni umezitoa wapi?"

"Zinatoka ku reli. Bijana banazing'oa ku njia ya mugodi, pale treni haipite tena. Zinawaka muzuri, na zinadumu."

Yalikuwa mataruma. Yale mabao mazito yanayolazwa chini ya chuma cha reli. Ili yasioze wala yasiliwe na mchwa, kiwandani huwa yanaloweshwa kwenye lami maalumu mpaka inaingia ndani ya mti. Ukiyachoma yanatoa moshi mnene, mweusi, na samaki anatoka anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

Na soko zima lilimpenda samaki yule! Wanawake wote wa kukausha walikuwa wameanza kuchoma mataruma, kwa sababu waleta kuni walikuwa wamefukuzwa, na msitu wa karibu ulikuwa umekwisha kuwa makaa. Mnunuzi akaanza kuzoea. Samaki mweusi anayeng'aa akawa ndiye samaki mzuri. Samaki wa kahawia, watu wakasema hajaiva.

Naomba nitoke nje ya habari kidogo niwape somo, diploma isilale bure.

Kuna sumu zinazotoka nje na kuingia kwenye chakula, kama dawa ya panya ikimwagika kwenye unga. Hizo kila mtu anaziogopa. Lakini kuna nyingine ambazo hazikuwepo kwenye samaki alipokuwa ziwani wala kwenye kuni zikiwa porini. Tunazizalisha sisi wenyewe tunapopika, tunapochoma, tunapokausha. Moto ukila kuni zenye lami, au mafuta ya samaki yakidondoka kwenye makaa na kurudi juu kama moshi, zinazaliwa kemikali ambazo wataalamu wanaziita PAH. Zinang'ang'ania kwenye ngozi na mafuta ya samaki. Baadhi yake zinasababisha saratani. Hazikulazi leo wala kesho, na hiyo ndiyo shida yake, hakuna anayeumwa tumbo jioni akasema ni wewe.

Hata kuni safi zinatoa kidogo, nisiwadanganye. Lakini kuni zenye lami ni kuita balaa kwa jina lake.

(Viazi vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi vina kemikali yake nyingine, lakini hizo ni za ukoo tofauti, nisiwachanganye.)

Turudi uani.

Ningeweza kunyamaza, wakuu. Samaki yule ndiye alikuwa anatulisha. Lakini siku ile mchana nilimwona Mama akichukua kambale mmoja mweusi, akamvunja vipande na ngozi yake na miba yake na kichwa chake, akaweka kwenye kinu, akatwanga mpaka akawa unga. Akachota kijiko, akakoroga kwenye uji wa Kangalula.

Kwetu ndivyo mtoto anavyoanzishwa kula. Maziwa hakuna, nyama hakuna, bibi anatwanga samaki mzima na hapotezi kitu. Nimekuzwa hivyo. Odile amekuzwa hivyo. Ni desturi nzuri, mtoto anapata nguvu.

Lakini ngozi ndiyo iliyobeba lami yote.

Kangalula alikuwa na meno mawili. Alifungua kinywa kama kifaranga.

Nikasema, "Mama, ngoja. Usimpe."

"Juu ya nini?"

Nikaeleza kwa nini. Nilieleza vizuri sana, nilivyoeleza siku ya mtihani wa mwisho na mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umeshika kijiko hewani.

Kisha akasema, "Weye ulikula samaki yangu mpaka ukapata diplome. Sasa imekuwa sumu?"

"Mama, zamani mlichoma kuni za porini. Hizi ni za reli."

"Moto ni moto, Déo."

Akampa mtoto kijiko. Mtoto akameza, akacheka.

Nilikuwa nimejifunza mambo yale miaka yote nikifikiria viwanda, nikifikiria watu wa mbali nisiowajua. Sikufikiria ningekuja kuyaona kwenye kijiko cha mama yangu, yakiingia kwenye kinywa cha mtoto wa dada yangu, na anayeyatia ni mtu anayempenda mtoto yule kuliko sisi sote.

Nikarudia tena jioni. Nikarudia kesho yake. Mwisho Mama akakasirika kweli.

"Ngalula aliniambia nisizime moto. Kuni muzuri sina. Mume wake njo (yaani ndiye) aliyekuwa analeta kuni, na bamemupandisha mu treni. Unataka nichome nini? Miguu yangu?"

Odile alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka, kama uko na njia ingine, uonyeshe. Maneno tu, Mama ameshachoka nayo."

Basi, mwenye diploma nikasema nitaonyesha.

Nikachukua pipa, nikawasha makaa ya kawaida, nikapanga kambale wazuri kumi na kitu juu ya wavu. Makaa yalikuwa safi, moshi kidogo, moto wa wastani. Nilitembea kuzunguka pipa lile nimeweka mikono nyuma kama injinia wa mgodi. Jioni nikawatoa. Walikuwa wazuri kwa macho yangu, rangi ya dhahabu.

Mama aliwatazama. Kesho yake akawabeba mwenyewe mpaka soko la Manika, akawapanga juu ya meza yake, mahali pake pale pale ambapo kila mtu anamjua. Hakusema ni wa Déo. Akawauza kama wake.

Wakuu, nilikuwa nimekosea. Nje walikuwa wameiva, ndani karibu na mfupa bado walikuwa na maji. Nilijua kwenye karatasi kwamba kambale ni samaki wa mafuta na anahitaji muda mrefu, lakini kujua ni kitu kimoja, na kusubiri ukiwa na haraka ya kuwaonyesha watu ni kingine. Siku iliyofuata wanawake walianza kurudi kwa Mama, mmoja mmoja, na samaki wananuka.

"Mama Déo, weye? Samaki ya weye inaoza?"

Alibadilisha wote. Alitoa samaki wake weusi kuwalipa waliorudisha wa dhahabu. Hakunitaja jina.

Tata Ramazani alipita na pick-up yake, akapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, akapiga honi.

"Docteur ya moshi! Wanasema samaki yako iliogopa moto!"

Nilitaka nirudi Tanzania siku ile ile. Nawaambia ukweli.

Lakini Kangalula bado alikuwa anakula uji.

Nikajiambia, kama siwezi kubadili moto, angalau nibadili kijiko. Mchana mmoja Mama alipokuwa anatayarisha kinu, nikamwomba anipe yule samaki kwanza. Nilitaka nimtoe ngozi na nimuoshe kwa maji ya moto, ili sehemu ya lami iondoke. Mama alikuwa amechoka kubishana. Akaniachia.

Nikamweka kambale mweusi kwenye bakuli jeupe la enameli, nikamwaga maji yaliyokuwa yanachemka, nikafunika na sahani.

Baada ya muda kidogo nikafunua.

Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa, wenye rangi rangi, kama ule mnaouona kwenye dimbwi la karakana. Na harufu ikapanda pamoja na mvuke. Haikuwa harufu ya samaki.

Mimi nilikuwa nimeanza kufungua mdomo nitoe somo. Nikamwona Mama.

Alikuwa amesimama na mchi mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akasogea, akainama juu ya bakuli, akanusa tena, polepole. Akakaa chini kwenye kigoda.

"Hii harufu njo ya gare," alisema.

Somo langu nikaliacha hapo hapo.

"Tulikuwa tunakaa juu ya zile mabao," Mama akasema. "Mi na Ngalula. Kila siku nilimupelekea bukari, tunakaa pale kwa jua, ku reli. Jua ikipiga, mabao inatoka majasho meusi. Inanuka vile. Mutoto wake wa mwisho alikuwa na kikohozi. Kitenge yangu ilinuka vile mpaka niliitupa. Kila mutu pale alinuka vile."

Alitazama bakuli muda mrefu.

"Na mi njo namukulisha Kangalula hii."

Odile alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimwaga maji yale nyuma ya nyumba, nikarudi, nikakaa chini karibu na miguu ya Mama. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto la moto, na mistari myeusi ya moshi kwenye kila mkunjo wa kiganja.

Mwisho akasema, "Alisema nisizime moto. Hakusema nichome reli."

Akanigeukia.

"Haya, diplome. Ile samaki yako ya kuoza, ulikosea wapi?"

Wakuu, nimewahi kuulizwa maswali na walimu wenye miwani mizito. Sijawahi kuulizwa swali lililonipa furaha kama lile.

Tukakaa tukapanga. Nikamwambia moto wa kuni usikae chini ya samaki tena. Tutachimba shimo la moto pembeni, moshi upite kwenye bomba chini ya udongo, uache masizi njiani, ufike kwenye pipa ukiwa mwepesi. Kwanza samaki wakae juu ya makaa yaliyoiva kabisa, yasiyo na ndimi za moto, na katikati tuweke bati la kupokea mafuta yasidondoke motoni. Wakauke mpaka mfupani. Kisha ndio waingie kwenye moshi. Mama akasema wageuzwe mara kwa mara na walio wanene wapasuliwe mgongoni. Nikakubali, nikaandika kichwani.

Ila vifaa hatukuwa navyo. Ndipo nikaanza kuazima.

Nilikwenda kwa Tata Ilunga, zamani mchomeleaji wa kampuni, sasa yuko nyumbani anarekebisha masufuria. Nikamwomba bomba na bati. Bomba alikuwa nalo. Bati la pekee alilokuwa nalo lilikuwa mlango wa bafu lao la uani. Akaling'oa mbele ya macho ya mke wake.

"Ilunga! Sasa mi nitaogea wapi?" mke wake akapiga kelele.

"Tundika kitenge, mama. Mutoto wa watu anataka kufanya kazi."

"Na upepo ikipita?"

"Tutafunga macho wote."

Kuni nilizipata kwa mkulima mmoja upande wa Lubudi, aliyekuwa anasafisha shamba na kuchoma miti mizuri bure. Alinipa nichukue, nimlipe kwa samaki wakipatikana. Alinitazama tu usoni akakubali. Lakini kuzileta mpaka Kolwezi nilihitaji gari, na mwenye gari mtaani kwetu mnamjua.

Nilikwenda kwa Tata Ramazani nimejiandaa kutukanwa. Nikamkuta amekaa nje na kikombe cha chai. Nikamweleza yote, mpaka habari ya bakuli. Nilipofika kwenye maneno ya Mama kuhusu gare, aliweka kikombe chini.

"Mi niliwabeba na hii pick-up," alisema. "Bajirani. Niliwapeleka gare na bitu byao. Sikuchukua kitu kwao, lakini niliwapeleka."

Akachukua kikombe chake tena, akarudia sauti yake ya kawaida.

"Nitakupa gari. Na mapipa mawili iko pale nyuma. Lakini samaki ikioza tena, Déo, nitakuita docteur mpaka unakufa."

"Sawa, Tata."

"Na mbele ya mukwe wako, ukioa."

Tulijenga tanuru. Mara ya kwanza bomba lilivuja. Mara ya pili moshi ulikataa kupita, ukarudi ukanitoa machozi huku Odile akicheka na mtoto akicheka kwa sababu mama yake anacheka. Nikainua upande wa pipa, nikapunguza urefu wa bomba. Ukapita.

Samaki walitoka wakiwa kahawia, rangi ya ganda la karanga, wakavu mpaka ukiwagonga wanalia. Nikamvunja mmoja mbele ya Mama. Ndani pakavu. Hakupiga makofi. Alivunja kipande, akakinusa, akakitafuna, akamkatia Odile.

Sasa bado soko. Soko halina huruma kwa mwenye diploma.

Siku mbili za kwanza hakuna aliyenunua. Wanawake walipita, wakawaangalia wale samaki wa kahawia, wakamwangalia Mama kama mtu aliyefiwa. "Mama Déo, tena?" Siku ya tatu Mama akabeba birika la maji ya moto na mabakuli mawili meupe. Akaweka samaki wa kahawia kwenye moja, samaki mweusi aliyemnunua meza ya jirani kwenye jingine. Akamwaga maji. Hakueleza kemikali, hakusema PAH, hakunitaja. Alisema tu:

"Mama, nusa. Kisha unusie mutoto wako."

Walinusa. Kolwezi ni mji wa reli, wakuu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ile harufu ni ya nini. Wengine walirudisha kichwa nyuma haraka. Mwanamke mmoja alifunika mdomo akaenda zake bila kununua kitu, na kesho yake akarudi akanunua wa kahawia watano.

Haikuwa siku moja. Kuna waliotukasirikia, hasa wenzake Mama waliokuwa bado na mataruma uani. Mama hakugombana nao. Aliwaita waje waone tanuru, akawaonyesha shimo, bomba na bati. Baada ya muda Tata Ilunga akawa anapata kazi ya kukata mabomba kila wiki. Vijana wa kung'oa reli wakatafuta kazi nyingine.

Kapu la kwanza zuri kabisa Mama alilifunga kwa majani na kamba, akampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapanda treni kuelekea Mwene-Ditu, huko Kasai, amtafutie Mama Ngalula. Hatukujua anakaa wapi hasa. Yule mfanyabiashara hatukumwona tena. Mpaka leo sijui kama lilifika. Mama alisema limefika, na hatukubishana naye.

Kisha ikaja siku ya kurudisha nilivyoazima. Hii naijua vizuri kwa sababu nilivaa shati la siku ya diploma.

Nilianza Lubudi, nikamshushia mkulima samaki wake na zaidi. Alimwita mke wake aje amwone "yule mutu wa kuni". Nikarudi kwa Tata Ilunga na mlango mpya wa bafu, wenye bawaba na komeo. Mke wake aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kisha akaingia ndani akajifungia akatupigia kelele kutoka huko kwamba Mungu anibariki. Kwa Tata Ramazani nilipeleka mapipa mawili mapya na kambale mnene kuliko wote. Alimgeuza, akamnusa, akamgonga na ukucha.

"Sasa nitakuita nini?" akauliza kwa huzuni ya kweli.

Nikabakiwa na mmoja.

Nilimkuta Mama uani amekaa na Kangalula mapajani. Nikamwambia, "Mama, leo nimerudishia watu wote. Umebaki weye. Uliweka samaki zangu juu ya meza yako, na jina lako. Walipooza, hukunitaja. Sijui narudisha nini."

Alinyoosha mkono, nikampa samaki. Akamtoa ngozi, akaitupa kwenye moto. Akatwanga. Akachota, akakoroga kwenye uji, akampa mtoto. Kangalula akala kijiko cha kwanza, akafungua kinywa kwa kingine kabla bibi yake hajachota.

Mama akaonja kilichobaki kwenye kijiko. Akatafakari.

"Diplome yako inakosa chumvi," alisema. "Lakini inalisha mutoto."

Nikacheka mpaka nikalia, wakuu, au kinyume chake.

Nilichojifunza ni hiki. Elimu yangu nilidhani ni ya kuwashinda watu. Nilipomwambia mama yangu kwamba chakula chake ni sumu, nilikuwa sahihi na sikumsaidia kitu. Alibadilika alipokaa na kitu chenyewe mbele yake, akakinusa kwa pua yake na kumbukumbu zake. Wewe mwenye cheti, usimwaibishe anayekupikia. Chemsha maji, kaa naye.

Na kwa vitendo: usikaushe wala kuchoma chakula kwa mbao zilizopakwa rangi, lami au dawa. Moto wa kuni usiwe chini ya samaki moja kwa moja, mafuta yasidondoke kwenye makaa, na mtoto mtolee ngozi kabla ya kutwanga.

Kwenu mnakausha samaki au nyama kwa kuni gani? Semeni hapa chini, hata nyinyi wa Kigoma na Mwanza. Na kama kuna mtu wa Mwene-Ditu anayesoma uzi huu, anayemjua mama mmoja aliyekausha samaki Kolwezi zamani, mwambie moto haujazimwa.